Sayansi ya Benchi la Kinyozi

"Swali ni moja tu," mama alisema, akaibwaga simu mezani. "Saketi ni nini?"

Binti yake aliitazama meza kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mbao. Nyumbani walimwita Bi Maswali, maana tangu aote meno mdomo wake haukufungwa: kwa nini barafu inaelea, kwa nini mbu anapenda miguu, nani aliupa umeme kazi. Siku hizi Bi Maswali hakuwa na swali wala jibu.

"Sijui."

"Hujui! Humu imeandikwa umefika ngazi ya tisa. Una nyota kushinda mbingu. Ijumaa mwalimu anakusimamisha mbele ya wazazi wote ueleze umeme, nawe unaniambia hujui?"

Mama alikuwa fundi wa majokofu, mwenye stashahada yake, na hakupenda kuzungushwa. Jokofu likidanganya, alilifungua likasema ukweli. Mtoto hafunguliwi kwa bisibisi, na hilo lilimzidishia hasira.

"Zamani nilikuwa naelewa," msichana alisema, machozi yakimlengalenga. "Chura alikuwa anaeleza vizuri. Sasa kila nikifungua anaongea mambo magumu tu. Mimi mjinga, mama. Ijumaa siendi."

"Mjinga hapana. Mvivu ndiyo."

Aliona neno lilivyomchoma mtoto. Akaliacha limchome.

Huyo chura alikuwa katuni ya tovuti ya sayansi ambayo shule iliwataka watoto waitumie nyumbani, kwa simu za wazazi. Kulikuwa na video fupi, michezo, na majaribio ya kufanya kwa vitu vya jikoni. Mtoto akijibu sawasawa, chura anapiga makofi, anampandisha ngazi, na masomo yanakuwa magumu zaidi. Mwanzoni nyumba nzima ilifurahi. Kila yai lililoingia liliogeshwa kwenye maji ya chumvi ili lionekane likielea. Kisha furaha ikakatika, nyota zikazidi kumiminika, na hakuna aliyejiuliza inakuwaje.

Mama alivaa viatu akaenda kumfuata mumewe kazini. Kama mtoto hamsikii yeye, atamsikia baba yake.

Mumewe alikuwa kinyozi. Kabla mama hajafika mlangoni, alisikia sauti ya mumewe ikitoka ndani, kama ya mtu anayesoma: "Taa zikiunganishwa sambamba, moja ikiungua, nyingine zinafanyaje? Jibu la kwanza, zinazima. La pili, zinaendelea kuwaka."

"La pili!" mtu alipaza sauti. "Kwangu taa ya choo imeungua, ya sebuleni inawaka mpaka leo. Bonyeza!"

Makofi ya chura yakalia. Benchi zima likashangilia kama timu imefunga bao.

Mama akasukuma mlango. Mumewe alishika mashine ya kunyolea mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Kwenye kiti alikaa muuza nyama, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Benchini alikuwepo mzee mstaafu wa reli, yule aliyeitwa Mzee Filimbi, mikono ingali hewani.

"Aa, Mama Watoto," kinyozi alisema. "Karibu."

"Hiyo akaunti ni ya nani?"

Kinyozi akazima mashine.

"Shemeji, tunamsaidia mtoto," muuza nyama alisema kwa fahari. "Sasa hivi tuko ngazi ya tisa."

"Tuko? Nyie na nani?"

"Alikuwa wa kumi na nne darasani," mumewe akasema, sauti ikishuka. "Nikaona nimsukume kidogo."

"Umemsukuma shimoni! Nyie mkijibu, masomo yanapanda. Yeye akifungua jioni anakutana na masomo yenu, nyie wenye ndevu! Yuko nyumbani analia kwamba ni mjinga."

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Mapenzi gani ya kumlia mtoto chakula, halafu unamsifu ameshiba?"

Mzee Filimbi akakohoa. "Lakini mwanangu, kumbe elimu tamu. Ile habari ya sumaku..."

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale. Fungua akaunti yako." Kisha akamgeukia mumewe. "Mmalizie huyu kichwa, uje nyumbani useme mwenyewe."

Alisema. Kinyozi alisimama mlangoni mwa chumba cha binti yao, nywele za wateja zikiwa bado kwenye mikono ya shati, akaeleza yote. Bi Maswali alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa wa kumi na nne," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Na sasa wewe wa kwanza."

"Si mimi! Yule wa kumi na nne ndiye alikuwa mimi!" Akapiga teke kigoda, kikabingirika hadi ukutani. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe uliniita mvivu."

Mama alikuwa bado ana maneno mengi ya kumwambia mumewe. Akayaacha.

"Nilikosea," alisema. "Tena vibaya."

Asubuhi walikwenda shuleni wote watatu. Baba alirudia maelezo yake huku akitazama viatu. Mwalimu alisikiliza, akashusha pumzi, akafunga mlango wa ofisi.

"Nimewaelewa, wazazi wangu. Ila tuivuke Ijumaa kwanza. Wageni wameshaalikwa, picha yake iko kwenye bango getini. Nitamwandikia mistari michache, akariri tu."

"Akariri," mama alisema.

"Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua! Mwalimu, nimemzaa mtoto, sikumzaa kasuku wa kupambia sherehe. Mlipoona mtoto anapaa ngazi hivyo, mlimuuliza hata swali moja? Au mlikimbilia kuchapisha bango?"

Bi Maswali alikuwa ameshachukua simu ya mama yake kutoka mkobani na kufungua ukurasa wake.

"Mwalimu, sehemu ya kuanza upya ni hii?"

"Usiibonyeze! Nyota zote zitafutika!"

Akaibonyeza.

Mwalimu akaketi. "Sasa wageni nitawaambia nini?"

"Waambie nitaonyesha ya ngazi ya kwanza," msichana alisema. "Kama nitakuwa nimeimaliza. Kama sijaimaliza, basi."

Nje, baba aliinama ampokee begi kama kila siku. Msichana akalivutia kifuani kwake.

"Nitabeba mwenyewe."

Akaelekea darasani bila kuaga, begi limemwelemea upande mmoja. Kinyozi akabaki mkono wazi, akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," mama akasema. "Mimi mwenyewe sijasamehewa."