Kibati Kilichong'aa Kupita Kiasi

Siku ya mtihani Maswali aliamka kabla ya jogoo, akaoga kabla ya jogoo, na jogoo alipowika hatimaye akamjibu, "Umechelewa, mwenzangu!"

Angelalaje? Mafunzo ya mitambo inayojiendesha yalikuwa yanafika mwisho, na kiwanda cha maji ya chupa kilikuwa na nafasi moja tu. Moja! Walioifikia walikuwa wawili: yeye, na kijana wa meza ya pili waliyemwita Mdomo kwa kuwa ulimi wake haukujua kupumzika. Mdomo alikwisha kufanya mtihani wake jana. Chupa ishirini aliagizwa ajaze, kumi na tisa zikajaa, ya mwisho ikaanguka chali. Maswali alihitaji ishirini kamili.

Jina lake hili la Maswali alipewa na mwalimu wao, fundi mzee mwenye kofia ya sufu, siku ya kwanza tu, alipouliza mambo kumi na manne kabla ya saa ya chai.

Alifika karakana kukiwa hakuna mtu. Mtambo wake ulikuwa unamngoja, ule ule alioufunga waya kwa waya kwa miezi minane: mkanda mfupi wa mpira, bomba la maji lenye valvu, na pembeni jicho la umeme, dogo kama kidole gumba. Jicho lile hurusha mwanga. Chupa nyeupe ikipita, mwanga hugonga na kurudi, jicho likajua mgeni kafika, likauambia ubongo wa mtambo, kisanduku cha kijivu kilichokaa ukutani. Ubongo husimamisha mkanda, hufungua valvu, maji huingia, safari ikaendelea. Jana jioni ulijaza chupa hamsini bila kumwaga tone.

Basi kwa furaha ile, na kwa kuwa bibi yake angekuja kutazama, Maswali akatoa waya wa kusugulia sufuria, akakisugua kibati cha nyuma ya mkanda, kile kinachozuia chupa zisidondoke. Kilikuwa cheusi cha kufubaa. Akakisugua mpaka kikawa kama kioo cha bwana harusi.

Saa tatu wageni walikuwa wamekaa kwenye benchi. Bibi alikuwa mbele kabisa, mkoba mapajani. Msimamizi aliyetumwa na kiwanda, mama mmoja mrefu asiyecheka ovyo, akaitazama saa yake.

"Una dakika ishirini, binti. Anza."

Maswali akapanga chupa mwanzoni mwa mkanda, akabonyeza kitufe cha kijani.

Mkanda haukusogea hata unywele. Valvu ikafunguka, maji yakamwagika pasipo chupa, yakaruka, yakatua juu ya viatu vya msimamizi.

"Lahaula!" Bibi akasema.

"Chupa ya kwanza imejaa!" Mdomo akapaza sauti. "Ila ni kiatu!"

Watu wakaangua kicheko. Maswali akagonga kitufe chekundu, maji yakakatika. Jana hamsini, leo viatu?

"Programu yako imeoza, dada," Mdomo akamwambia. "Ifute, andika upya. Ningekuwa mimi ningeshaanza."

Vidole vikamwasha kwenda kwenye kompyuta. Lakini alimwona mwalimu akivuta kofia yake chini, akakumbuka alivyozoea kuwaambia: Mtambo haubadilishi mawazo. Ukibadilika, kuna mtu kaubadilisha. Tazama kwanza, ndipo uguse.

Je, ni nani kaubadilisha? Akamtupia Mdomo jicho kali.

"Usinitazame hivyo! Mimi nina mdomo tu, mikono sina!"

Maswali akainama karibu na lile jicho. Mgongoni mwa jicho hilo kulikuwa na kitaa cha njano, ambacho huwaka likiona chupa. Kilikuwa kinawaka. Mbele ya jicho mkanda ulikuwa mtupu, nacho kinawaka! Jicho lilikuwa linamwona mgeni asiyekuwapo.

Akalifuta kwa kitambaa cheusi. Kitaa bado. Akavuta waya wake. Umekaza. Zikabaki dakika saba.

Kule kwenye benchi Bibi alikuwa akimnong'oneza jirani yake, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka mtaa wa tatu: "Waona kile kibati? Mjukuu wangu huyo! Nimemfunza mwenyewe kusugua. Naona meno yangu pale, yote manne."

Maswali akageuka polepole. Akakifunika kibati kwa kile kitambaa cheusi. Kitaa kikazimika. Akakiondoa kitambaa. Kitaa kikawaka.

Kikulacho ki nguoni mwako! Mwanga ulikuwa unagonga kibati kinachong'aa na kurudi, jicho likadhani kuna chupa.

"Ni mimi!" akapiga kelele, nusu kicheko. "Ni mimi mwenyewe!"

Akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli asije mtu akaiwasha, ufunguo mfukoni.

"Kufuli la nini sasa?" Mdomo akashangaa. "Muda unakwenda!"

"Mikono yangu ni miwili tu, kaka."

Akakata tepu nyeusi ya umeme, akaibandika kwenye kibati mstari kwa mstari, mpaka ule mng'ao wote ukafa.

"Mtoto huyu!" Bibi akalia. "Asubuhi nzima kasugua, sasa anapaka masizi!"

Dakika tatu. Kufuli likatoka, swichi ikawashwa, kitufe cha kijani kikabonyezwa. Chupa ya kwanza ikasogea, ikasimama, ikajaa. Ya pili. Ya tatu. Kufikia ya kumi benchi zima lilikuwa linahesabu kwa sauti, na sauti ya Mdomo ilikuwa juu ya zote, kwani ulimi wake haukuweza kujizuia. Ya kumi na nane ikayumba, ikayumba tena, ikatulia.

"Ishiriniii!"

Msimamizi akaangalia sakafu. Hakuna tone jipya. "Nani alisugua hicho kibati?"

"Mimi, mama. Asubuhi hii. Kosa ni langu."

"Na kufuli, dakika zikiwa zinakwisha?"

"Mkono ukikatika, mama, haubandikwi kwa tepu."

Mama yule akacheka kwa mara ya kwanza. "Jumatatu saa moja, langoni kwetu. Njoo na maswali yako. Huo waya wa sufuria hapo mezani uache nyumbani."

Bibi akanyoosha mkono, akauchukua waya, akautia mkobani. "Utaukuta jikoni, mwanangu. Sufuria zangu hazina macho."