Kwa Akina Drateru

Pikipiki ya Obitre ilikuwa imekwisha kuiacha Manibe nyuma, na Driwaru, aliyeketi upande nyuma ya mdogo wake na kapu mapajani, alikuwa hajatia neno tangu watoke Oli, mjini Arua. Lami ya kwenda Koboko ni nzuri, mtu anaweza kusinzia juu yake akaamkia kaburini.

"Dada, umelala?"

"Nilale wapi juu ya chuma? Endesha."

"Basi niambie lile jina umeliacha. Niambie limeanguka pale Manibe, tumelikanyaga, limekufa."

"Liko humu kwenye kapu, chini ya sabuni."

Obitre alicheka, kisha akakikatisha kicheko, maana alitambua dada yake hatanii. Walikuwa wanakwenda Kuluba, kwa wakwe, kumpa jina mtoto wa Scovia. Scovia mwenyewe hakuwepo tena. Alikuwa binti pekee wa Driwaru, na alikufa akimzaa huyo mtoto. Kwa ukoo wao jina hutolewa na mama, na mama asipokuwepo, hutolewa na aliyemzaa mama. Kwa sababu ya msiba, siku ya kumtoa mtoto nje iliahirishwa, na hadi leo kitoto kile kilikuwa kinaitwa "mtoto" tu, kama mbuzi asiye na alama.

"Siku hizi wasichana ni Shakira, ni Mercy, ni Praise," Obitre alipaza sauti juu ya upepo. "Wewe unataka kufukua Drateru. Hilo jina tulilizika na shangazi."

"Shangazi tulimzika. Jina hatukulizika."

Drateru, kwa Kilugbara cha wazee, ni kusema mauti yalingojewa. Shangazi yao alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati baba yake yuko kwenye mkeka, ameumwa na nyoka, na kaka wa huyo baba, mwenye baiskeli ya pekee kijijini, amekaa motoni akiota, akisema mguu utapona wenyewe. Mguu haukupona. Ng'ombe wakahamia zizi la kaka. Mjane hakupiga kelele wala hakwenda kwa mkuu wa kaunti. Alimwita mtoto Drateru, basi. Tangu hapo kila mtu aliyemtuma yule msichana maji, kila aliyemwita kula, alimtaja yule mwenye baiskeli. Mtu anavumilia kofi, anavumilia hata jela, lakini kuitwa uovu wako asubuhi na jioni kwa sauti ya watoto ni kitu kingine. Yule mzee alihamia upande wa Kongo na hakurudi hata kwa mazishi.

"Polisi nilikwenda kwa ajili ya Scovia," Driwaru alisema. "Wakaniuliza, nani alimpiga? Nikasema hakupigwa. Wakasema pole, mama, hayo ni mambo ya Mungu. Mwenyekiti wa kijiji naye, pole. Sasa mimi nina nini kingine?"

"Una mjukuu," Obitre alisema. "Na mjukuu analala kwao, si kwako."

Obitre aliongeza mwendo mpaka Koboko, wakakata kwenda Kuluba.

Boma la Sulaimani, baba mkwe wa Scovia, pale Kuluba lilikuwa la mwanajeshi mstaafu: uwanja umefagiwa kwa mistari, mihogo imeanikwa juu ya mwamba, bati limepakwa rangi. Chini ya baraza, juu ya mbao mbili ili isiguse udongo, ilisimama pikipiki nyekundu iliyofunikwa turubai. Driwaru aliitazama hiyo kwanza, kabla ya watu. Hata tope kwenye spoki haikuwa nalo.

Habari yake alikuwa ameambiwa siku ya mazishi, nyuma ya choo, na jirani aitwaye Agnes Keji. Agnes ndiye aliyekuwa anamnyonyesha yatima pamoja na wa kwake. Uchungu ulimshika Scovia asubuhi. Mumewe Hakim alikuwa Kaya, ng'ambo ya mpaka, akiendesha lori la watu. Simu ya Scovia haikuwa na chaji. Agnes alikuja akasema huyu apelekwe hospitali, damu hii si ya kawaida. Mama mkwe, Madina, akasema mimba ya kwanza inachelewa, naye alichelewa. Sulaimani akasema njia imeharibika kwa mvua, pikipiki bado mpya, na tena mke wa mtu haondoki bila mwenyewe, tungoje Hakim. Wakangoja. Jua likatoka, njia ikakauka, wakala chakula cha mchana, wakanywa chai. Jioni pikipiki ilitolewa, lakini ilitolewa kwenda kupeleka habari ya msiba.

"Karibu, mama ya Scovia," Sulaimani alisema akinyanyuka. Aliongea Kiswahili cha kambi, na kwa Kiswahili hicho walikuwa wanaelewana tangu zamani. "Leo ni siku yako. Mbuzi iko, watu iko. Jina ni mali yako, mimi hapana ingia."

"Ahsante, mzee."

Madina alimvuta kando, karibu na jiko. Alikuwa mnene, mwepesi wa machozi, na mikono yake ilikuwa inanuka maziwa ya mtoto. Hilo Driwaru aliliona, na lilimuuma kwa sababu hakutaka kuliona.

"Mama, niseme kitu moja, usikasirike. Mtoto yako mwenyewe alisema. Alisema ikiwa musichana, ataitwa Shakira. Uliza Agnes."

Agnes Keji alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto kifuani. Aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mama. Alisema. Tulikuwa tunachambua maharage, akasema, mimi majina ya kulia-lia sitaki."

Driwaru alijua ni kweli. Scovia alikuwa na jina la nyumbani, la huzuni kama mengine yote ya zamani, na alipofika darasa la saba alimwambia mwalimu alifute. Alirudi nyumbani akasema, "Mama, jina lile lilikuwa lako, matatizo yalikuwa yako na baba. Mimi nilikuwa nayabeba tu kama kuni za mtu mwingine." Wakacheka siku ile. Sasa maneno yale yalikuja yakasimama katikati ya uwanja.

Alikwenda akakaa karibu na kaburi la Scovia, nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa umeshuka upande mmoja na hakuna aliyeuongeza. Pale Hakim alimkuta. Alikuwa kijana mrefu aliyekonda mpaka shati likabaki la mtu mwingine. Akapiga magoti.

"Mama, Mjomba Obitre ameniambia jina."

"Obitre mdomo wake ni kikapu."

"Mama, mimi sikungoja. Mimi nilikuwa Kaya. Nilikimbia na lori usiku ule ule, nikapita kizuizi bila kusimama, karibu wanipige risasi. Sasa utanipa mtoto nimwite nini? Nikitaka anipe maji, nimwite mauti ya mama yake?"

Driwaru alimpenda tangu siku ya kwanza, alipokuja Oli kuchumbia akiwa na viatu vya kuazima, vikambana mpaka akavivua mbele ya wazee.

"Hakim, mwanangu. Nikuulize moja tu. Umeshamuuliza baba yako?"

"Kumuuliza nini?"

"Kwa nini ile pikipiki haikutoka."

Hakim alikata jani la nyasi, akalichana, akalichana tena.

"Ni baba yangu, mama."

"Ninajua ni baba yako. Umemuuliza?"

"Siwezi."

"Muulize leo, mbele ya watu. Maneno mawili tu. Ukiuliza wewe, mimi namwita mtoto Shakira, narudi nyumbani. Naapa kwa huyu aliyelala hapa."

Alingoja. Upande wa mbele watu walikuwa wanaitana, sufuria zinagongana, mtu anacheka. Hakim alibaki na magoti yake kwenye udongo, akawa anatingisha kichwa polepole, si kwa kukataa, ila kama mtu anayesikia maji sikioni.

"Mama, huyo mzee atanifukuza."

"Basi," Driwaru alisema, akajikung'uta gauni.

Mtoto alitolewa mlangoni amenyolewa, amefungwa kitenge cha mama yake ambacho Driwaru alikileta ndani ya kapu. Walikuwepo majirani wa Kuluba, na shehe, na wazee wawili wenye kofia za jeshi lililokwisha kuvunjwa. Driwaru alimpokea. Alikuwa mwepesi, macho yamefumbuka, anatafuta ziwa. Bibi akamnusa kichwani, na Obitre, aliyesimama nyuma, akadhani amebadilisha nia, akaanza kutabasamu mapema.

"Huyu ni Drateru," alisema.

Wengi hawakuelewa. Shehe alimuuliza jirani yake. Lakini Sulaimani alikuwa amekaa kambi ya Arua miaka mingi, alikijua Kilugbara mpaka matusi yake. Glasi yake ya chai ikabaki nusu njia kwenda mdomoni.

"Rudisha hiyo jina."

"Limeshatoka, mzee. Haliingii tena."

"Unanitukana mulango yangu? Mbele ya mutu yangu? Mimi ndiyo niliua?"

"Sikusema uliua. Nimesema mlingoja. Hamkungoja?"

Madina alianza kulia. Mmoja wa wale wazee wenye kofia aligeuka akaitazama pikipiki chini ya turubai, halafu akaangalia miguu yake, na wote waliomwona akitazama nao wakatazama.

"Hakim," Driwaru alisema, "mwite mtoto wako."

Hakim alifungua mdomo. Alimtazama mtoto, akamtazama baba yake, akaufunga.

"Mtoto ya jina hiyo hapana lala kwangu," Sulaimani alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. "Chukua. Chukua saa hii."

"Baba Hakim, ni damu yetu!" Madina alipiga kelele. "Haboba yake, bibi yake, ni mimi! Itanyonya nini huko?"

"Nimesema!"

Agnes Keji aliwafuata mpaka barabarani. Akakaa kwenye jiwe, akamnyonyesha mara ya mwisho, huku Obitre akiwasha na kuzima pikipiki yake bila sababu.

"Ulisema ukweli, mama," Agnes alisema bila kuinua uso. "Lakini huyu alikuwa ameanza kunenepa."

Driwaru alimfunga mtoto mgongoni, akapanda pikipiki. Njia nzima mtoto alilia, na walipofika Maracha akanyamaza, na Driwaru kila mara alipeleka mkono nyuma kuhakikisha anapumua.

Mtoto aliishi. Alilelewa Oli kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mtama, aliugua mara nyingi, akabaki mdogo wa mwili kuliko wenzake. Shuleni wanamtania kwa jina lake, naye ameshazoea kupigana.

Hakim alikuja Oli mara kadhaa na mikate na viatu vya mtoto. Alimwita "wewe", alimwita "mama mdogo", jina hakulitaja hata mara moja. Baadaye akaoa upande wa Yei, na hakuja tena. Lile swali hajamuuliza baba yake mpaka leo.

Madina alikufa kwa sukari. Sulaimani yuko, ni mzee sana, hatoki nje. Alipougua tumbo walimpakia kwenye ile pikipiki nyekundu wakamfikisha hospitali mapema, akapona.

Agnes Keji alihamia Omugo na mume wake. Obitre alianguka na pikipiki karibu na Manibe, anatembea na fimbo, hasafiri mbali.

Driwaru haoni vizuri tena. Mjukuu humshika mkono kwenda kanisani. Siku moja msichana alimuuliza jina lake lilitoka wapi, naye akamwambia yote, pamoja na lile alilolitaka mama yake. Juu ya daftari lake jipya msichana aliandika Shakira, akafuta, akaandika Drateru, kwa sababu rejista ya mwalimu ilikuwa na jina hilo la zamani.

Kule Kuluba lile boma halina tena jina la Sulaimani. Ukiuliza njia kwa bodaboda, atakwambia pita mwamba wa mihogo, kunja kushoto, kwa akina Drateru. Yeye Drateru hajawahi kurudi huko.