Mkwe Aliyekuja na Maji

Jumanne ni siku ya maji, na Ndunge alikuwa amekwisha kupanga ndoo zake jikoni kabla mfereji haujaanza kukohoa. Ulikohoa, ukatema hewa, ukatema maji ya rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa, kisha ikatoka sauti ya mwanamume.

"Hodi hapa. Habari ya asubuhi, mama."

Ndunge aliitambua. Ilikuwa sauti ya Seth Otiende, mume wa bintiye Kavinya, fundi wa kuchomelea mageti, aliyekufa kwa kipindupindu kule mtaa wa Huruma wakati wa mvua zilizopita. Alifanya kile ambacho mama yeyote wa Kikamba aliyelelewa vizuri angefanya: alivuta leso hadi usoni, akatoka jikoni kinyumenyume, na kuacha mfereji ukimwagika.

Wakamba wana heshima waiitayo nthoni. Mama na mume wa bintiye hawaketi chumba kimoja wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Vijana wa mjini wameipuuza, wengine hata wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, lakini Ndunge hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuiona sura ya Seth sawasawa. Alivijua viatu vyake. Na sasa mtu ambaye hangeweza kuketi naye sebuleni alikuwa ndani ya maji yake ya kunywa.

Alimwita Jawahir, jirani wa mlango wa pili, ambaye aliuza vichujio vya maji kwenye duka dogo pale chini. Jawahir aliinamia mfereji, akasikiliza kama fundi anayesikiliza injini.

"Mama Kavinya anauliza umefikaje huku," alisema.

"Niaje, Jawahir. Mwambie mama sikuja kwa ubaya. Paipu yetu imepasuka nyuma ya bucha, imelala ndani ya mtaro wa choo. Maji yakikatwa inavuta uchafu, yakirudi inausukuma. Mimi nimesukumwa tu."

"Si ulizikwa kwenu Ugenya?"

"Mwili ndio walipeleka. Mimi nilibaki pale nilipougulia."

"Anasema amesukumwa," Jawahir akamwambia Ndunge, ingawa Ndunge alikuwa amesimama mlangoni na alisikia kila neno.

Ndunge alikwenda ofisi ya maji kueleza habari ya paipu. Karani, kijana mwenye tai, alimsikiliza vizuri kabisa. Kisha akamweleza kwamba mita yake iko Donholm na paipu iliyopasuka iko Huruma, kwa hiyo mwenye haki ya kulalamika ni mtu wa Huruma. Kuhusu marehemu, alisema ofisi haina kitengo hicho. Akamshauri achemshe maji.

Akachemsha. Vijidudu vilikufa. Seth hakufa, kwa kuwa alikwisha kufa, ila sauti ilikauka kidogo na akaomba radhi kwa kikohozi.

Jawahir alikuwa na duka la kuangalia, hangeweza kushinda jikoni kwa mtu akipeleka maneno. Basi Ndunge akatafuta njia. Aliketi sebuleni, akaligeuzia jiko mgongo, akaanza kuongea na sufuria iliyokuwa mezani.

"Sufuria, muulize huyo mgeni kama huko aliko kuna baridi."

"Mwambie mama kuna baridi, lakini mtu huzoea."

Ilikuwa adabu tupu, hakuna aliyevunja lolote. Wiki zikapita, na Ndunge akajikuta akiingoja Jumanne kuliko alivyowahi kuingoja Jumapili. Mumewe alikuwa ametangulia zamani. Kavinya alikuwa amehamia Mombasa baada ya mazishi, na simu ya mamake akiiona huiacha ilie mpaka inyamaze. Kulikuwa na siku ambazo Ndunge alikohoa makusudi ili nyumba isikie sauti ya mtu. Alikuwa mpweke, na upweke huo ulimuuma hasa saa za chakula, anapopakua sahani moja. Sasa kulikuwa na mtu wa kuuliza kama amelala salama, na kama mtu huyo alikuwa mkwe, na marehemu, na uchafu wa maji, basi ndivyo ilivyokuwa.

Kisha tumbo likamshika. Daktari wa kliniki alimwambia ni homa ya matumbo, na kwamba akiendelea kuyanywa maji yale, hata yakichemshwa kwa haraka haraka anavyochemsha yeye, safari ijayo atabebwa. Jawahir alipanda na vichujio vitatu na kuvipanga mezani.

"Hiki cha mshumaa wa udongo kinashika tope na vijidudu. Mtu hupita. Hiki cha mkaa kinaondoa harufu, pengine na kikohozi chake, lakini yeye hupita. Hii mashine ina utando mwembamba wa kuchujia. Inaondoa hadi chumvi ya kisima. Hii itamtoa."

"Atatokea wapi?"

"Ina paipu ya pili, ya maji inayoyakataa. Wengi huielekeza kwenye sinki."

"Na sinki inakwenda wapi?"

"Mtaroni, Mama Kavinya. Kila sinki inakwenda mtaroni."

Ndunge alimwomba amwache afikiri. Mlango ulipofungwa alivuta kiti karibu zaidi na jikoni, mgongo ukiwa bado umegeuzwa. Lilikuwepo neno ambalo hakuwahi kulitamka, hata kwa Mungu.

"Sufuria," alisema, "muulize kama alinisikia siku ile."

Siku ile Kavinya alikuwa kazini zamu ya usiku, akampigia mamake simu akimsihi aende Huruma upesi. Ndunge alikwenda na chupa ya uji. Alifika mlangoni akamsikia Seth akigugumia ndani, peke yake, amelala. Mama haingii alipolala mkwe. Alisimama kwenye korido akitafuta mwanamume yeyote wa kuingia badala yake, na alipopatikana mmoja, kulikuwa kumekucha kwa wengine na si kwa Seth. Hilo ndilo Kavinya hakumsamehe.

Jibu lilitoka mferejini.

"Mwambie mama nilimsikia. Nilijua hatua zake. Nilitaka kumwita, lakini nilikuwa nimejichafua, na kwetu pia mama mkwe hakuoni ukiwa hivyo. Nikajivutia blanketi, nikageukia ukutani, nikanyamaza ili asisumbuke."

Ndunge alilia, bila kujificha, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwona. Walikuwa wamestahiana mpaka mtu akafa.

Keshoye Jawahir alifunga mashine. Paipu ya maji safi ilielekezwa kwenye jagi. Paipu ya pili, Ndunge alikataa ielekezwe kwenye sinki. Aliiweka kwenye ndoo ya buluu yenye kifuniko, chini ya dirisha ambako jua hupita. Maji ya jagi yalikuwa meupe, hayana harufu wala neno. Aliyanywa, na tumbo likatulia. Ndoo ilipojaa, alikiburuta kiti chake hadi jikoni, akaketi uso kwa uso nayo, akafungua kifuniko.

"Habari ya asubuhi, Seth," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake.

"Salama, mama," Seth alisema.

Tangu hapo walizungumza bila sufuria. Kavinya alipigiwa simu aelezwe. Simu ikalia mpaka ikanyamaza. Ofisi ya maji nayo ilibandika tangazo jipya langoni, likiwakumbusha wakazi wachemshe maji.

Mvua za vuli zilipoanza, maji yalikuja Jumanne mazito kuliko kawaida. Mashine ilinguruma, ndoo ikajaa, Ndunge akafungua kifuniko ili amwamkie Seth. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Samahani," ilisema sauti ya mwanamke. "Hapa ni wapi?"

"Donholm," Ndunge alisema. "Nawe watoka wapi?"

"Huruma. Nyuma ya bucha. Nimemwacha mtoto jikoni."

"Anaitwa Ayuma," Seth alisema kutoka chini ya ndoo. "Ameingia kwenye paipu jana. Na nyuma yake kuna wengine, mama."

Ndunge alipunguza mfereji kidogo ili wasisukumane, kisha akaenda kwa Jawahir kuazima ndoo.