Salamu Zimfikie Kavata

Ungempita Jonah Mutie pale sokoni Mbumbuni akiziba pancha, ukamwambia "Habari ya asubuhi," ungengoja jibu mpaka upate njaa. Si kiburi, jamani, ni haya tu. Lakini mtu huyohuyo, redio ikifunguliwa saa saba mchana kwa kipindi cha salamu, alikuwa Jogoo wa Mbumbuni, mtambo usiozimika! Mtambo gani huo? Mwanamume aliyeuziwa mandazi ya juzi akasema asante!

Redioni alikuwa na marafiki wengi kuliko sokoni. Kila wiki alinunua kadi ya salamu, akajaza majina, akaituma Nairobi ikasomwe na mtangazaji, na wenzake wakamjibu kwa kadi zao. Bilha Wakiuru, mwenye hoteli huko Sultan Hamud, alijiita Mama Kimya. Nzioka, mkulima wa ndengu wa Kathonzweni, alijiita Nyundo. Miaka saba walikuwa wamepeana pole za ukame na hongera za watoto, na hakuna aliyewahi kuuona uso wa mwenzake.

Na katika kila kadi ya Jonah jina la kwanza lilikuwa lilelile: "Mke wangu mpenzi Kavata, akiwa jikoni."

Shida ilikuwa moja tu. Kavata alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Hakukusudia kudanganya, nawaambia. Wiki ya pili baada ya mazishi alikaa kujaza kadi kama kawaida yake, na mkono ukaandika Kavata kabla kichwa hakijakumbuka. Mtangazaji akalisoma. Jonah akabaki na spana mkononi, akisikia mke wake akisalimiwa mbele ya nchi nzima, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu amzike. Wiki iliyofuata Mama Kimya akamwandikia Kavata mwenyewe, ati amwambie anavyolainisha muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yanayopikwa na maharagwe. Wewe ungefanyaje? Jonah alijibu kwa niaba yake: tia magadi kidogo. Majirani walisikia pia, wakanyamaza. Mtu na msiba wake.

Mwezi wa nne mwaka wa 1988 malaria ikamlaza wiki tatu. Kwa watu wa salamu, wiki tatu bila kadi ni jambo la kutisha, na desturi yao ni kwamba aliyepotea hutafutwa. Jonah alikuwa bado kitandani aliposikia kadi ya Mama Kimya: "Jogoo, Jumamosi mimi na Nyundo tunakuja kukuona. Dada Kavata, bandika chai!"

Homa iliyokuwa ikiondoka ikageuza njia. Aibu aliiogopa, ndiyo, lakini si sana. Alichoogopa ni kwamba wakijua ukweli hakuna atakayeandika Kavata tena, na jina lile halitasikika tena popote.

Jumamosi wakafika. Huyo Mama Kimya alianza kuongea akiwa stendi, akapita soko lote akiongea, na alipofika mlangoni kwa Jonah alikuwa hajamaliza habari ya Emali, mji waliopitia njiani. Naye Nyundo, lo! Kijitu kifupi, chembamba, chenye sauti ya kuomba radhi. Walimletea Jonah machungwa, na Kavata wakamletea leso na kuku.

"Amekwenda Kitui kumwona mama yake," Jonah akasema akiwa ametazama chini.

"Basi mgonjwa anapikiwa na nani? Kaa, nitapika mimi," Bilha akasema, akaingia jikoni.

Jikoni akakuta kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja, na sufuria nyeusi ambayo mwanamke yeyote wa Mbumbuni angeifukia usiku asichekwe. Akatoka bila chai. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, jina lake lilimfaa.

"Jonah," akasema mwishowe. "Tangu lini?"

"Miaka minne. Tafadhali msiache kumtaja. Nikisikia jina lake pale, naona kama bado yuko."

Nzioka akavua kofia. Bilha yeye akawaka.

"Aiya! Mume wangu alipokufa ulinitumia salamu wiki kumi mfululizo. Kumi, Jogoo! Ndizo zilizonifanya niamke nifungue hoteli. Na wewe na lako ukajifungia peke yako, unanidanganya na magadi?"

"Magadi ni kweli," Jonah akasema taratibu. "Alikuwa anatia magadi."

Bilha akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Nzioka akamfuata, na wote watatu wakaenda nyuma ya nyumba kaburini, wakaimba wimbo mmoja wa kanisani, Nyundo akipotea kila ubeti. Kuku wakamla. Lakini wakati wa kuagana Bilha alisema wazi: "Siwezi kumsalimia marehemu kama aliye hai. Mimi ni mtu wa kwaya, Jonah. Hilo halitakuwa."

Jonah akaitikia kwa kichwa. Siku zilizofuata hakununua kadi.

Wiki mbili baadaye nusura asifungue redio. Akaifungua, gurudumu la mteja likiwa magotini. "Rambirambi," mtangazaji akasema. "Kutoka kwa Mama Kimya wa Sultan Hamud, kwenda kwa Jogoo wa Mbumbuni, kwa kuondokewa na mkewe Kavata, aliyetufundisha kupika muthokoi." Akafuata Nyundo. Akafuata mtu wa Voi, na mwingine wa Nyeri, na bawabu mmoja wa Mwingi ambaye Jonah alimjua kwa utani tu. Kadi juu ya kadi, Kavata, Kavata, hata nyimbo zikakosa nafasi. Jonah akalia waziwazi sokoni, mteja akaona haya akaacha baiskeli.

Jioni jirani yake Mbinya akaingia na unga wa sima na sukari, nyuma yake wanawake watano.

"Tumesikia redioni," Mbinya akasema. "Pole sana."

"Lakini Mbinya, si wewe uliyewapikia watu kwenye matanga?"

"Nilipika. Wewe hukusema neno hata moja, ukarudi kwa baiskeli zako. Sasa umekubali amekufa, tumekuja utuambie habari zake."

Jonah akawatazama, akawavutia viti.

"Alikuwa mbishi," akaanza.

"Hilo tunalijua," Mbinya akasema, akiketi. "Endelea."