Ufuo wa Mama Ukutani

Mimi ni mchora mabango. Ng'ombe wa bucha, vichwa vya saluni, meno ya daktari: yote hayo yapo mjini kwa mkono wangu, na sijawahi kurudishiwa kazi. Kwa hiyo dada aliposema mama ametusahau hata majina, labda akiuona ufuo wetu wa zamani kitu kitamrudia, nilijiona fundi hasa. Nikaujaza ukuta wa chumba chake kwa kumbukumbu tu: bahari ya buluu, mawimbi, anga.

Mama aliutazama, akageukia upande wa pili. Iliniuma, nisiseme uongo.

"Hapo si kwetu," dada akasema. "Mama kalima mwani maisha yake yote. Bahari aliipa mgongo. We umechora ya wageni wa hotelini."

Kweli bwana. Nikafuta, nikachora ufuo kama mama alivyouona akiwa majini hadi magotini: vijiti vimechomekwa kwenye tope, kamba zenye mwani, kisha mchanga, na nyumba zetu juu.

Mama akasimama. Akaweka kiganja kwenye mchanga. "Mtoto nilimwacha hapa. Nani kamchukua?"

Dada akanivuta nje. Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kabla yangu alikuwapo kaka. Mama aliinama kufunga mwani, alipoinuka maji yameshajaa na mchangani hamna mtu.

Ningeishia hapo. Lakini mama alilia kutwa, roho ikanishinda, nikamchora mtoto amekaa mchangani. Akanyamaza. Hata alicheka. Nilifurahi kama mjinga.

Kumbe sasa hatainama tena, asije akampoteza. Sahani hakuitazama, kitanda alikikataa. Alisimama macho ukutani hadi miguu ikamvimba. Alianguka, akainuka, akasimama tena.

"Futa," dada akasema. "Atakufa wima huyu."

Akamburuta kwenda kuoga. Nikafungua kopo la rangi nyeupe, nikaanza chini kwa haraka: tope, vijiti, mwani, mchanga. Nilikuwa nimefika kifuani mwa mtoto niliposikia hatua nyuma yangu.

Mama alikuwa mlangoni, mabegani bado ana povu la sabuni. Aliangalia mahali rangi ilipofikia, kama anayeangalia maji yakijaa.

"Sikuinama," akasema. "Safari hii sikuinama."