Mlango wa Ghala la Pamba

Saa nne kasorobo asubuhi, mlango wa chuma kati ya chumba cha kuchambulia pamba na ghala ulikuwa wazi, umefungwa ukutani kwa kamba ya katani.

Fundi wa mitambo aliitazama kamba, akaita, "Shemeji! Nani kafunga hii?"

Msimamizi wa zamu, mume wa dada yake, alikuja akijipepea kwa kofia. "Mimi. Mlango wako una kichaa. Utatushukia siku moja umvunje mtu mguu. Na watu wanataka upepo."

"Upepo si wanao? Ndiyo maana nimeutundika mlango ukae wazi."

Mlango uliteleza juu ya reli iliyoinama. Ukiachiwa, ulishuka na kujifunga wenyewe. Kilichouzuia ni waya wenye kiungo cha madini laini, yanayoyeyuka kwa joto dogo kuliko la maji kuchemka. Miaka ile kampuni za bima zilikuwa zimechoka kulipia majivu ya viwanda vya pamba. Hiki kilikwisha kuungua mara mbili, na mara zote mlango wa zamani ulikutwa umezuiwa kwa robota la pamba ili hewa ipite. Sasa kampuni ilikuwa imekata shauri: mkaguzi wake angekuja leo, na mlango usipojifunga mbele ya macho yake, bima basi. Bila bima, benki isingekopesha, na kiwanda kingekufa.

"Akija nafungua kamba," alisema shemeji. "Akiondoka narudisha. Yaishe."

"Na moto nao utapiga hodi kwanza?"

Wachambuaji wakaangua kicheko. Fundi akachomoa kisu, akaikata kamba.

"Mguu ukivunjika, utauganga wewe," shemeji alinuna.

Haikupita saa moja, msumari uliojificha ndani ya pamba ukagonga meno ya mashine. Cheche moja tu. Vumbi likashika, moto ukaparamia dari. Wachambuaji wakatoka mbio kwa mlango wa uani, shemeji nyuma yao, akihakikisha hakuna aliyebaki.

Fundi alikuwa upande wa ghala. Alikikodolea macho kiungo. Kikameta, kikalegea, kikakatika. Mlango ukateleza, polepole kwanza, kisha kwa mngurumo, ukajibamiza mahali pake.

Mkaguzi alipofika, walikuwa wanamwagia maji makaa ya mwisho. Alizunguka hadi ghalani, akanyofoa pamba kwenye robota lililokuwa jirani kabisa na mlango, akaifikicha, akainusa. Ilikuwa nyeupe.

"Nilikuja na taa ya kuyeyushia kiungo," alisema. "Naona mmenitangulia."

"Shemeji yangu hana subira ya kungoja wageni," fundi alijibu.

Shemeji hakucheka. Aliokota kipande cha kamba kilichobaki upande wa ghala, akakitupa nje dirishani, akawageukia wachambuaji. "Mlango huu usiguswe na mtu! Mmesikia?" Ungedhani ameutundika yeye.

Mkaguzi alitia saini hati ya bima palepale, juu ya robota. Jioni, mashine za kusokota nyuzi, ng'ambo ya ghala, ziliunguruma kama kawaida.