Abrar Yuko Nguzo Gani?

“Nimekuuliza, na sitachoka kukuuliza, Baba Duha. Abrar yuko nguzo gani?”

“Usinipotezee wakati, Alawiya. Watu wananingoja ukumbini.”

Akil alikuwa ameketi sebuleni, kanzu imepigwa pasi, kompyuta mapajani. Kiooni zilisimama nguzo mbili za grafu. Ya kijani, ndefu, ilikuwa ya wasichana wa Kenya wanaoingia shule ya msingi. Ya pili, nyekundu, fupi, ilikuwa ya wasichana wa Yemen, walikotoka babu zake. Asubuhi hiyo alikuwa awaonyeshe matajiri wa Mji wa Kale nguzo hizo, wasikitike, wachangie madarasa kule.

“Sisi huku alhamdulillahi, tumeshavuka,” alisema. “Maskini ni wa kule. Msichana wa kule hasomeshwi.”

“Na wa jikoni mwako?”

Jikoni, Abrar, binti wa Hamdan nduguye Akil, alikuwa akisukuma mahamri ya wageni wa ukumbini. Miaka kumi. Babake alimleta kutoka Mukalla, huko Yemen, vita vilipozidi, akamkabidhi kwa bibi yake, akarudi kutafuta riziki. Ikapita Idi, ikapita nyingine. Yeye na Duha, binti wa Alawiya na Akil, walikuwa rika moja. Duha alishatoka kwenda shule, na mahamri ya kwanza ya Abrar mkobani.

“Yule ni amana,” akaingilia Bi Nuru, mamake Akil, bila kuacha tasbihi yake. “Nimekabidhiwa mimi. Amana haizururishwi mitaani. Hamdan akija atamkuta vile vile alivyomwacha.”

“Ndilo ninaloliogopa, mama. Atamkuta vile vile.” Alawiya akamgeukia. “Na amana gani inayoamshwa alfajiri kukanda unga? Dhahabu yako umeifungia kabatini, hujaituma kusugua sufuria.”

“Haya, tusikie! Ndiyo diploma yako hiyo inasema!”

“Ndiyo, mama. Ndiyo inayosema.”

Akil akafunga kompyuta kwa kishindo. “Tumpeleke akafanye nini? Atawekwa na vitoto vidogo, wamcheke. Hajui kitu yule. Kule hawasomi, si nimekuonyesha?”

Abrar alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliliweka chini polepole, kikombe kisimwagike.

“Mimi nalikuwa nikisoma, ami,” alisema. Kiswahili chake bado kilikuwa na uzito wa kule. “Darasa la tatu. Huku ndiko sisomi.”

Tasbihi ya Bi Nuru ikasimama. Akil akakohoa, akatafuta pa kuweka macho.

“Mwaka ujao, inshallah,” alisema mwishowe. “Hamdan akituma vyeti.”

“Mwaka ujao niliusikia mwaka jana.”

Alawiya hakungoja jibu. Alimfungua mtoto leso iliyojaa unga, akamvisha sare ya pili ya Duha. Ilimbana mabegani. Akamfunga mtandio, akamshika mkono.

“Na mahamri atayakaanga nani?” Bi Nuru akauliza.

“Mwanao. Mafuta yashapata moto.”

Walitoka wakipita vichochoro vya nyuma ya Ngome ya Yesu, Alawiya mbele, Abrar akikimbia ili asiachwe. Shuleni, mwalimu mkuu, Bi Nasipwondi, mama wa Bungoma aliyeyasikia mengi kwa wazazi, aliomba cheti cha kuzaliwa.

“Hana. Mtoto yupo.”

Mwalimu aliangalia unga uliokauka kwenye vidole vya Abrar. “Alikuwa wapi muda wote huu?”

Alawiya alikuwa na vita vya kusingizia, na shemeji, na mama mkwe. Vyote vilimjia mdomoni.

“Nyumbani kwangu,” alisema.

Bi Nasipwondi alifungua sajili. Aliandika jina, akatoa daftari jipya, akawaongoza hadi gredi ya nne. “Cheti mtaleta. Akae.”

Simu ya Alawiya ikalia. Akil. Akaizima, akabaki kwenye mlango wa darasa.

Abrar aliketi, akafuta vidole kwenye sketi, akalifungua daftari kwa kuanzia nyuma, kama walivyomfundisha kule kwa Kiarabu. Msichana wa pembeni akacheka. Kisha akalichukua, akaligeuza, akamrudishia.

Abrar akaandika jina lake.